Kwa nini gari linalotamba Monza linaweza kutaabika Monaco

Katika msimu wa mbio za magari za Formula 1 wa mwaka 2017, timu ya Ferrari ilishika nafasi ya kwanza na ya pili mjini Monaco, huku Lewis Hamilton wa Mercedes akiambulia nafasi ya saba. Miezi mitatu na ushei baadaye, huko Monza, Italia, Mercedes nayo ikazoa nafasi mbili za kwanza, na Sebastian Vettel wa Ferrari akafika wa tatu akiwa ameachwa kwa zaidi ya sekunde 30, tena mbele ya mashabiki wa Italia. Madereva walikuwa walewale, na magari kwa sehemu kubwa yalikuwa yaleyale. Kazi yangu ni kuchunguza mwenendo wa magari ya mbio, na kila ninapoulizwa gari lipi ni bora, sina budi kuuliza kwanza: kwenye njia ipi?

Gari la Mercedes la mwaka huo lilikuwa refu kuliko la Ferrari kwa zaidi ya sentimita 10, tukipima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Urefu huo huongeza eneo la sakafu, na sakafu ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya mgandamizo unaolishindilia gari barabarani. Kwa hiyo gari refu hutulia linapopita kona za kasi. Kwenye kona finyu mambo hugeuka, kwa sababu gari hilohilo huchelewa kuzungusha pua yake. Sisemi kwamba urefu peke yake ulieleza matokeo ya msimu ule, maana matairi na injini navyo vilikuwa na lao. Hata hivyo, urefu ni uamuzi unaofanywa kiwandani miezi mingi kabla ya mbio za kwanza, na hakuna fundi anayeweza kuupunguza akiwa gereji siku ya Ijumaa.

Mabawa ni jambo jingine, kwa kuwa hubadilishwa kulingana na njia. Mgandamizo wa hewa na ukinzani wake, yaani nguvu inayolirudisha gari nyuma, huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake ni kwamba bawa linalopita hewani kwa kilomita 50 kwa saa hutoa moja ya 25 tu ya nguvu linayotoa kwa kilomita 250. Monza, ambako madereva hukanyaga mafuta hadi mwisho kwa takribani robo tatu ya mzunguko au zaidi, timu hufunga bawa jembamba la nyuma ili ukinzani usile kasi. Monaco hufungwa bawa kubwa kuliko yote, lakini msomaji asidhani kwamba bawa hilo ndilo linalolipitisha gari kwenye kona ya hoteli, ile kali kuliko zote katika kalenda, inayopitwa kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Pale bawa karibu limelala. Kinacholibeba gari ni springi laini, matairi yaliyopata joto sahihi, na usukani ambao timu huutengenezea viungo maalumu vya mbele ili magurudumu yakate zaidi ya kawaida.

Njia inayonivutia kuliko zote ni Spa-Francorchamps nchini Ubelgiji, yenye kilomita 7.004, kwa sababu inamnyima mhandisi jibu moja. Sehemu ya kwanza na ya mwisho ya mzunguko hudai bawa dogo. Sehemu ya kati, yenye kona mfululizo za kuteremka, hudai bawa kubwa. Mwenye bawa dogo hupata faida ya wazi kwenye mnyoosho wa Kemmel, sehemu ndefu iliyonyooka, na ni vigumu kumpita hapo. Gharama yake huonekana polepole: gari huteleza kidogo kwenye kila kona ya katikati, kuteleza huko hupasha moto uso wa tairi, na baada ya mizunguko kadhaa muda alioupata kwenye mnyoosho anaurudisha kwa riba. Binafsi naona timu nyingi huiogopa mno kasi ya mpinzani kwenye mnyoosho na kuyasahau matairi.

Mexico City nayo huvuruga hesabu zote, kwa kuwa njia yake iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Timu hufunga mabawa ya ukubwa wa Monaco na kuambulia mgandamizo unaokaribia ule wa Monza. Hewa hiyohiyo ndiyo inayopaswa kupooza injini na breki, hivyo bodi hutobolewa matundu makubwa zaidi, na kila tundu huongeza ukinzani. Tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuijazia injini hewa inayokosekana.

Sheria zilizotumika kuanzia 2022 hadi 2025 ziliporudisha mifereji ya hewa chini ya sakafu, kimo cha gari kikawa suala la milimita. Kadiri sakafu inavyokaribia lami, ndivyo mgandamizo unavyoongezeka, ilimradi lami iwe tambarare. Lami ya Austin, nchini Marekani, ina matuta. Chini ya kila gari hufungwa ubao wenye unene wa milimita 10, ambao kanuni haziruhusu uchakae hadi unene wake uwe chini ya milimita 9. Mwezi Oktoba 2023 Hamilton alimaliza pale wa pili na Charles Leclerc wa sita, kisha wote wawili wakafutiwa matokeo kwa sababu mbao za magari yao zilikuwa zimelika kupita kiasi. Wikendi ile ilikuwa na mbio fupi za Jumamosi, kwa hiyo timu zilipewa saa moja tu ya mazoezi kabla ya vipimo vya gari kufungwa, yaani kutoruhusiwa tena kubadilishwa, na saa hiyo haikutosha kujua ubao utalika kiasi gani gari likiwa na tangi lililojaa mafuta. Kuinua sakafu kidogo kungeuokoa ubao, lakini dereva angelipia kinga hiyo kwenye kila mzunguko, kuanzia wa kwanza.