Kwa nini mwenye mitumbwi anazidi kumwacha mvuvi wake

Kila mjadala wa kipato unapozuka darasani kwangu hapa Mwanza, wanafunzi huanza na umaskini: je, umepungua? Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 unajibu kwamba umepungua Tanzania Bara, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4. Lakini katika kipindi hichohicho kigezo cha Gini, ambacho huwa sifuri watu wote wanapolingana na huwa moja mtu mmoja anapochukua kila kitu, kilipanda hadi takriban 0.38. Mambo hayo mawili hayapingani, kwa sababu walio chini wanaweza kupata nafuu kidogo huku walio juu wakiongeza chao kwa kasi kubwa zaidi.

Nami naamini kwamba pengo lenyewe ni kubwa kuliko namba hiyo. Kigezo hicho hukokotolewa kwa kuangalia matumizi: unga, sabuni, nauli, ada. Kaya ya Mabatini, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Mwanza, hutumia karibu kila shilingi inayoingia, kwa hiyo ukipima matumizi yake umepima kipato chake. Kaya yenye nyumba kadhaa za kupangisha hutumia sehemu tu ya mapato yake, na ile inayobaki, ambayo ndiyo inayojenga utajiri, haionekani katika hesabu hiyo.

Namna pengo hilo linavyojijenga inaonekana vizuri katika mgawo wa mtumbwi wa dagaa. Kila mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kupakua samaki, una desturi yake, lakini tuchukue mfano rahisi. Usiku mmoja umeleta mauzo ya shilingi 500,000. Kwanza hutolewa gharama za petroli, kuchaji betri za taa na chakula, tuseme 180,000. Zinabaki 320,000, ambazo tajiri, kama wavuvi wanavyomwita mwenye mtumbwi, huchukua nusu, na wavuvi wanne hugawana nusu ya pili, kila mmoja 40,000. Tajiri amepata 160,000, na ni haki kusema kwamba nyavu zikichanika au injini ikifa, hasara ni yake. Sasa mpe mitumbwi kumi. Usiku huohuo ana 1,600,000, na hata akitenga nusu nzima kwa matengenezo, bado anabakiwa na mara ishirini ya alichopata mvuvi wake.

Mgawo huu haujabadilika, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Kinachopanua pengo ni kinachofuata baada ya hapo. Zile 40,000 huisha kwa chakula, kodi ya chumba na deni la dukani. Zikija siku za mbalamwezi, ambapo mwanga wa taa hauvuti dagaa na mitumbwi hukaa ufukweni, mvuvi humkopa tajiri, na deni hilo hukatwa giza likirudi. Kwa hiyo mwaka unaisha mvuvi akiwa na nguvu zake tu kama mwanzo, tena zilizochoka, wakati tajiri amenunua kiwanja.

Kiwanja kikishakuwa nyumba, nacho kinaanza kuzaa. Fedha ikiwa nyingi zaidi, kuna hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, wakati mfumuko wa bei mwaka huo haukufika asilimia 4. Aliyewekeza shilingi milioni 500 aliahidiwa shilingi milioni 79.75 kila mwaka, bila kukatwa kodi ya mapato. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni moja, kwa hiyo kwenye karatasi mlango uko wazi kwa wengi, lakini mtu anayekopa kila mbalamwezi atakusanya lini milioni ya kuifunga kwa miaka?

Linganisha na muuguzi mwenye mshahara. Kipato chake cha mwezi kikivuka shilingi 1,000,000, kila shilingi inayozidi hapo hukatwa asilimia 30, sawa kabisa na mkurugenzi anayelipwa milioni 40, kwa sababu ngazi za kodi ya mshahara zinaishia hapo. Gawio la kampuni, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, hukatwa asilimia 10, na asilimia 5 kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni kweli kwamba kampuni yenyewe hulipa kodi ya faida kwanza, na wanaosahau hilo hukosea, lakini riba ya hatifungani ndefu haina hata hatua hiyo.

Sitetei hatifungani zitozwe kodi kesho; Serikali inazihitaji, na mifuko ya pensheni ya wafanyakazi hao hao huzinunua. Ningeanza na majengo. Kodi yake, inayokatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, bila kujali thamani. Nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe ya Mabatini na jumba la chini lenye bustani inayotazama ziwa pale Capripoint zililipa kiasi kimoja. Uthamini wa majengo, mtaa kwa mtaa, ni kazi ambayo wathamini wetu wanaijua na halmashauri zinaweza kuisimamia, na jumba la Capripoint halina mahali pa kujificha.