Tatizo la jua la mchana si ukali, ni tofauti ya mwanga na kivuli

"Punguza ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), mwanga umezidi." Nikiusoma tena ushauri huu chini ya picha ya maua ya Kitulo, ile hifadhi ya maua ya nyanda za juu kusini, nitaitumbukiza kamera Kijungu, kwenye maporomoko ya mto Kiwira.

Mwanga ukizidi, dawa ipo na ni rahisi: ISO 100, tundu la lenzi f/16, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/100 ya sekunde. Jua la wazi limeshakaa sawa. Kinachoua picha ni tofauti ya mwanga kati ya juani na kivulini. Petali iliyo juani na jani lililo kivulini chini yake zinaachana stopu tatu au nne (kila stopu ni mwanga mara mbili), na ndani ya kichaka zaidi ya hapo. Punguza ISO uone: vyote viwili vinashuka pamoja, pengo linabaki palepale.

Halafu hiyo saa sita mnayoikimbia kwa kuogopa jua la utosini si saa sita ya jua. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, Mbeya iko kwenye 33 na nusu hivi. Jua linafika juu kabisa kama saa sita na nusu mwezi Novemba, na karibu saa saba kamili Februari. Kwa hiyo saa tatu asubuhi mwanga bado unafaa kupiga picha, ila saa tisa alasiri jua liko juu kuliko unavyodhani. Tena huku linapanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa. Ile "saa ya dhahabu" ya vitabu vya Ulaya, yaani mwanga laini wa jua likiwa chini, kwetu hupita upesi zaidi.

Sasa ua. Tandaza shuka jeupe jepesi juu yake, sentimita 30 hivi, bila kuingia kwenye fremu. Kadiri shuka linavyosogea karibu, ndivyo mwanga unavyolainika. Mwavuli wa rangi acha nyumbani; wa njano utakupa ua lenye homa ya manjano.

Wengi wanaharibia hapa: wanafunika ua, wanasahau nyuma yake. Ua limetulia kivulini, nyasi za nyuma ziko juani, zimeungua nyeupe. Kisha wanalaumu shuka! Nyuma nako kunataka kivuli. Tumia lenzi ndefu, milimita 100 hadi 200, maana inaona kipande chembamba cha nyuma. Kisha lala chini, sogea kushoto au kulia hata hatua moja, mpaka kipande hicho kiangukie kwenye ubavu wa kilima usiopigwa na jua, au kwenye kivuli cha mwenzako. Pima mwanga baada ya kufunika, si kabla. Waiti balansi, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, nayo irekebishe baada ya kufunika, la sivyo rangi zitapinda. Na uwe na mtu wa kushika: kwa upepo wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600, shuka ni tanga.

Maua mekundu yana hila yao. Histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, itakuambia salama, kumbe chaneli nyekundu imeshagonga ukuta na petali imekuwa bapa, haina hata mshipa. Angalia histogramu ya rangi tatu, shusha eksposha (kiasi cha mwanga) theluthi mbili ya stopu au stopu nzima, piga RAW (faili ghafi la kamera), vivuli utavipandisha baadaye. Kwa simu: gusa ua kwenye skrini, buruta chini alama ya kijua inayotokea.

Filta ya UV, ya kuzuia miale ya urujuanimno, "kwa sababu ya mwinuko"? Hiyo ilikuwa shida ya filamu.

Polaraiza, filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, ndiyo yenye maana, lakini si kwa anga tu kama inavyouzwa. Mashamba ya chai Tukuyu yanaonekana meupe mchana kwa sababu kila jani linang'aa kama kioo. Zungusha polaraiza, mng'ao unaondoka, kijani kinarudi. Utalipa stopu moja na nusu hadi mbili. Ila ukizungusha mpaka mwisho, jani linakufa, linakuwa kama kitambaa cha sufu. Wengine wanasema ondoa mng'ao wote. Mimi huishia nusu, na hata hiyo nusu nikiitazama kesho yake mara nyingi naona nimezidisha.