Je, wajua kwa nini mwenye shamba alikataza magugu kung'olewa?

Mkulima wa mpunga wa bonde la Ruvu, huku Bagamoyo, akisoma mfano wa ngano na magugu katika Mathayo 13 ana haki ya kushangaa. Adui amekuja usiku, akapanda magugu katikati ya ngano. Watumwa wanaomba ruhusa wakayang'oe, na bwana wao anakataa: viacheni vyote vikue hadi mavuno. Shamba gani hilo lisilopaliliwa?

Tuanze na mmea wenyewe. Wafafanuzi wengi huyachukua magugu hayo kuwa Lolium temulentum, nyasi inayofanana mno na ngano ikiwa changa. Tofauti huonekana masuke yanapotoka, na kufikia hapo mizizi imeshasukana na ya ngano. Ukivuta hili, na lile linakuja. Anayelima mpunga anaijua shida hii, maana mpunga mwitu nao humdanganya mpaliliaji hadi unapotoa masuke. Ila magugu haya yana ubaya zaidi: punje zake mara nyingi hubeba kuvu chenye sumu, na zikisagwa pamoja na ngano, mlaji hupata kizunguzungu na kutapika. Kwa hiyo kuchambua ilikuwa lazima. Swali lilikuwa lini, na nani achambue.

Yesu mwenyewe anaufafanua mfano huo kipande kwa kipande. Konde ni ulimwengu, mbegu njema ni wana wa ufalme, adui ni Ibilisi, mavuno ni mwisho wa dunia, wavunaji ni malaika. Watumwa waliotaka kung'oa hawapewi maana yoyote, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Hukumu ipo na moto upo. Sioni sababu ya kuupunguza makali. Lakini mundu haukukabidhiwa kwetu sisi tulio bado shambani.

Mwanzoni mwa karne ya 5 askofu Augustino wa Hippo, kule Afrika Kaskazini, aliutumia mfano huu kuwajibu Wadonati, kundi la Wakristo waliodai kanisa la watu safi peke yao. Hata hivyo mfano haukatazi kuonyana. Mathayo 18 inaagiza ndugu aliyekosa aonywe faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa.

Kuna aliyetazamia mavuno mapema, naye ni Yohana Mbatizaji. Katika Mathayo 3 anamtangaza anayekuja akiwa na pepeto tayari mkononi, ngano iende ghalani, makapi yateketezwe kwa moto usiozimika. Kisha Yohana akatiwa gerezani, na moto haukuonekana. Akatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye, au wamtazamie mwingine. Jibu walilorudi nalo halikutaja pepeto wala moto: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, na maskini wanahubiriwa habari njema.