Je, wajua kwa nini mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono hukaa kimya?

Mwaka 2009 ulifanyika Tanzania utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukawahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliowahi kumwambia mtu yeyote ni kama nusu ya wasichana hao na theluthi ya wavulana.

Sababu moja imo katika maneno yetu wenyewe. Tunaziita "sehemu za siri", kisha kwa kuona haya tunazipa majina ya vitafunwa na wadudu. Mtoto wa miaka mitano akimwambia mwalimu kuwa anko amemuumiza "andazi", mwalimu atasikia habari za chakula. Na siku mtu mzima atakapomnong'oneza "hii ni siri yetu", mtoto ataona ni jambo la kawaida, kwani siri hiyo aliikuta nyumbani. Mfundishe kusema uume, uke na makalio kama unavyomfundisha goti na kiwiko.

Nyingine ni adabu. "Nenda kamkumbatie mjomba!" Mtoto anarudi nyuma, anang'ang'ania kanga ya mama, anasukumwa mbele. Hapo amejifunza kwamba mbele ya mkubwa hana kauli juu ya mwili wake. Shikamoo inatosha. Maana anayewadhuru watoto mara nyingi ni mtu wa karibu: ndugu, jirani, mwalimu wa tuisheni. Huanza kwa kuwazoea wazazi, kuleta zawadi na kujitolea kumchukua mtoto shuleni, kisha humtisha kwamba akisema, mama atakufa. Mtoto huamini.

Hata anapojaribu kusema, husema nusu nusu: "Sitaki kwenda tena kwa anko." Au hasemi, ila anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Muulize kwa upole, "Kuna nini huko?" kisha nyamaza umsikilize. Usimtajie jina wala usimlishe maneno. Akishasema, mwambie: "Nakuamini. Hujakosea." Swali la "mbona hukusema mapema?" huulizwa hata na wazazi wenye upendo, nalo humfunga mdomo papo hapo.

Baada ya hapo saa zinahesabika. Dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Kabla ya kupimwa asiogeshwe. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kwa Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi upate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia.

Wengi huishia "kumalizana kifamilia" wakidhani bila shahidi hakuna kesi. Sivyo. Katika makosa haya sheria ya Tanzania inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Jingine linaloniuma ni mtoto kupelekwa kijijini kwa bibi "asahau", huku aliyemtenda akiendelea kula mezani pale pale. Mtoto anapoteza shule, rafiki na kitanda chake ndani ya wiki moja. Kwa akili yake hiyo ndiyo adhabu ya kusema.