Je, wajua kwa nini kioo cha abiria kinagoma wakati mbovu ni swichi ya dereva?

Mwezi wa nne natoka Moshi narudi Arusha, kufika Usa River mvua hiyo, ile ya masika isiyopiga hodi, nabonyeza nipandishe kioo cha abiria wa mbele, kimya. Nilikuwa nimekishusha Boma Ng'ombe tukinunua mahindi ya kuchoma na kilishuka fresh tu, kupanda ndo hakitaki. Nikajaribu swichi ya kwangu, nikajaribu ya kule kwake, wapi. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019 kwa hiyo hata cha kuzibia hamna, na aliyekaa pale mbele ni mama mkwe, akavua kanga mabegani akaziba mwenyewe bila kusema neno. Kutoka pale mpaka Tengeru ni karibu ila siku hiyo ilikuwa mbali sana.

Gari yenyewe ni salun ya 1998. Fundi wa kwanza hata mlango hakufungua, akasema mota imekufa, nikanunua mota ya mtumba, ikafungwa, kioo kikashuka vizuri, kupanda kikagoma vilevile. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, mota imekufaje upande mmoja tu?

Jibu nilipewa na fundi mmoja mtu mzima kule mtaa wa Unga Limited, Arusha. Nimemwamkia, nimemweleza, akacheka, "mwanangu, mota haijui juu wala chini." Na ni kweli. Mota ya kioo inatumia umeme wa betri, volti 12, na kwenye haya magari ya zamani ina waya mbili tu. Hakuna waya wa kupanda na waya wa kushuka. Ukipeleka moto (umeme wa chanya ya betri) waya huu na asi (upande wa hasi, umeme unaporudia) waya ule inazunguka kulia, ukigeuza inazunguka kushoto, basi. Kwa hiyo mota ikishusha kioo kwa nguvu yake ujue ni nzima, kinachokosekana ni ile njia ya kuugeuza umeme, na kazi ya kugeuza ni ya swichi.

Sasa hapa ndo penye utamu. Swichi ikiwa imetulia hujaigusa, waya zote mbili za mota zimekaa kwenye asi. Ukibonyeza kupanda, waya mmoja unaondolewa kwenye asi unapewa moto, ule mwingine unabaki palepale kwenye asi ili umeme upate pa kurudia. Ukibonyeza kushuka zinabadilishana. Na kwenye magari mengi ya zamani swichi ya abiria haina asi yake yenyewe, inaazima kutoka kwa ile swichi kubwa ya mlango wa dereva. Yaani abiria akibonyeza kwake, umeme unapita kwenye mota yake halafu unasafiri mpaka mlango wa dereva kutafuta asi. Zile nyayo ndogo za shaba zinazogusana kupitisha umeme ndani ya swichi ya dereva zikiungua au zikijaa uchafu upande mmoja, kioo cha abiria kinashuka ila hakipandi, hata abonyeze nani. Unabadilisha mota, unabadilisha swichi ya abiria, unaanza kuhisi umerogwa, kumbe mbovu iko chini ya mkono wako wa kulia.

Fundi akaibandua ile swichi kwa bisibisi bapa, akaifungua juu ya gazeti. Ndani nyayo za upande mmoja zilikuwa zinang'aa, za upande wa pili nyeusi kama sufuria ya makande, na pembeni kuna kitu kimegandia kama gundi, nadhani ni soda maana swichi inaangalia juu na watoto wangu nawajua. Weusi unatokana na cheche, kila ukiachia kitufe inaruka kacheche kadogo, sasa piga hesabu ya miaka yote hiyo. Akasugua kwa msasa laini taratibu bila kuzikwangua, akapuliza, akarudisha, kioo kikapanda. Ile mota niliyonunua bado iko kwenye buti.

Kabla hujanunua chochote angalia kwanza kile kitufe cha kufungia madirisha ya abiria. Najua unacheka, ila watu wanaenda gereji kwa ajili ya hicho. Halafu fanya kitu kimoja nimekipenda sana: usiku, injini imezimwa, swichi ya gari iko on, fungua mlango ili taa ya darini iwake, kisha bonyeza swichi ya kioo huku unaiangalia ile taa. Taa ikififia kidogo maana yake umeme unafika kwenye mota na mota inajaribu ila imekwama. Taa isipotikisika kabisa, umeme haufiki, hapo tafuta fyuzi, swichi au waya. Na kama vioo vyote vimekufa kwa mpigo anza na fyuzi, mara nyingi ni ya ampea 20 au 30, na tafadhali usifunge waya badala ya fyuzi, gari inaungua.

Waya nazo zina sehemu yake ya kufia. Ukifungua mlango utaona mpira mweusi wenye mikunjo kati ya mlango na bodi, waya zote zinapita mle, na kila ukifungua na kufunga zinakunjwa. Shika swichi umeibonyeza huku mtu anauchezesha mlango taratibu, kioo kikishtuka umempata mwizi. Kikishtuka pale tu unapogonga mlango kwa ngumi, hapo sasa ndo mota, kaboni zake (vile vipande vinavyosugua ndani kupitisha umeme) zimekwisha. Na ukisikia mota inalia vuuu ila kioo hakiendi popote, umeme hauna kosa, ni mashine ya kioo, yaani ule mtambo ndani ya mlango unaokipandisha na kukishusha, kebo yake ya chuma imekatika au plastiki zimevunjika.

Halafu kuna ule ugonjwa mwingine wa kioo kushuka haraka na kupanda kama mzee anapanda Kibo. Huo kwa huku kwetu asilimia kubwa ni vumbi, sio umeme. Kioo kinapita kwenye mipira miwili ya pembeni, jua limeikausha, vumbi la kwa Mrombo limejaa ndani, kioo kinabanwa. Kushuka uzito wake unakisaidia, kupanda mota inabeba yenyewe. Mota iliyobanwa inavuta umeme mwingi mno, inapata moto, na nyingi zina kinga ndani inayokata ikizidi joto, ndo maana kinagoma katikati halafu ukikaa dakika kumi kinakubali tena na unajiambia kimepona. Safisha ile mipira kwa kitambaa chembamba na maji ya sabuni, ikikauka pulizia silikoni. Sio grisi wala oili chafu, hizo zinashika vumbi na wiki mbili mbele umetengeneza msasa. Kupandisha huku injini inaunguruma nako kunasaidia, umeme unakuwa kama volti 14 badala ya 12 na kitu.

Kingine, acha kuvuta kioo kwa viganja viwili. Ndani ya mota kuna gia ya mtindo wa skrubu ambayo mota inaweza kuizungusha ila kioo hakiwezi kuirudisha, ndo maana mwizi hawezi kukisukuma chini kirahisi, na ndo maana wewe pia unahangaika bure. Ukikwamia njiani fungua kava la mlango, chomoa soketi ya mota, chukua waya mbili kutoka kwenye betri, ule wa moto uwe na fyuzi, gusisha. Kikishuka geuza waya, kitapanda, funga safari.

Ila kama mashine yako ni ile ya mikono inayopishana kama mkasi, usifungue mota ukaiondoa kabla hujafunga ule mkono usitembee. Pale kuna springi iliyokunjwa, mota ikitoka mkono unaruka wenyewe, na yule fundi wa Unga Limited kidole chake cha shahada kimepinda kwa sababu hiyo hiyo, alinionyesha huku anahesabu hela yangu.