Msafara wa magari Pamir: yanayosemwa kwenye mipango na yanayokukuta barabarani

Barabara ya Pamir, M41, inayopita kwenye milima ya Pamir huko Asia ya Kati, ilichongwa na utawala wa Kisovieti miaka ya 1930. Kutoka Osh, Kirgizistan, hadi Khorog, Tajikistan, ni kama kilomita 730, na upenyo wake wa juu kabisa, Ak-Baital, uko mita 4,655 juu ya usawa wa bahari. Majira ya joto yakikaribia, watu wanakusanyana magari matatu, manne, ramani inatandazwa mezani, na maneno yanaanza. Mengi ya maneno hayo yametoka kwenye barabara za chini. Huko juu yanaponza watu.

"Sisi tuko ndani ya gari, hatupandi mlima kwa miguu. Kimo hakituhusu."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nitalikalia. Mwili hauulizi umefikaje juu, unauliza umefika kwa haraka kiasi gani. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,700 hivi, kisha Horombo, mita 3,720, na wengi huongeza usiku wa pili palepale Horombo ili mwili uzoee. Wewe unaondoka Osh, chini ya mita 1,000, baada ya chai ya asubuhi. Mchana uko Sary-Tash, kama mita 3,170. Kwa kuwa jua bado liko juu na gari linavuta vizuri, unasema tusogee kidogo. Jioni unapiga kambi kando ya ziwa Karakul, karibu mita 3,900. Kwa siku moja umepita kimo cha Horombo.

Sasa itazame Karakul kwenye ramani. Kaskazini yake kuna upenyo wa Kyzyl-Art, mita 4,280. Kusini yake kuna Ak-Baital. Yaani mtu akizidiwa usiku pale ziwani, hakuna upande wa kuteremka moja kwa moja: kokote mtakakokimbilia, lazima kwanza mpande. Tiba ya kweli ya ugonjwa wa kimo ni kushuka, na nyinyi mmejifungia kwenye bakuli. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba Karakul si mahali pa kulala usiku wa kwanza, hata pawe pazuri namna gani.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku ya tatu au ya nne mpumzike. Vijiji vya Pamir viko mbali mno kimoja na kingine, kanuni hii hutaitimiza yote, ila unaweza kuikaribia. Laleni Sary-Tash usiku mbili. Au, kama ratiba inaruhusu, anzieni Dushanbe: barabara inafuata mto Panj, Afghanistan ikiwa ng'ambo ya maji, na inapanda taratibu hadi Khorog, mita 2,100 hivi. Khorog kaeni siku mbili, mtembee, mnywe maji, ndipo mpande uwanda wa juu. Kama ni mimi ninayepanga, naanzia Dushanbe.

"Mimi nina pumzi, na Uhuru nilishafika."

Hongera, lakini mwili unasahau kimo ndani ya wiki chache tu, na mazoezi hayakingi. Kijana mwenye nguvu huumwa kama mzee, na mara nyingi anaficha kwa sababu anaona aibu kuwachelewesha wenzake. Na sisi tuliotoka kwenye mbu tuna mtego wa ziada: kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu, hamu ya chakula imekata, mtu anasema hii ni malaria, anameza dawa na kuendelea kupanda. Juu ya mita 2,500, dalili hizo zihesabuni kuwa za kimo mpaka ithibitike vinginevyo, na acheni kupanda. Kipimo cha malaria kibebwe pia, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, akichanganya maneno, au akihema akiwa ameketi, mshusheni, msingoje kupambazuke. Vidonge vya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea. Ongea na daktari kabla ya safari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Ila vidonge havimpi mtu ruhusa ya kupanda haraka.

"Ni majira ya joto, barabara itakuwa kavu."

Joto lenyewe ndilo linaloleta maji. Barafu za milimani huyeyuka zaidi Julai na Agosti, na mito inayotokana nayo hujaa alasiri na jioni. Kijito ulichokivuka saa mbili asubuhi maji yakiishia kwenye nusu ya tairi, saa kumi jioni kinaweza kulisukuma gari. Bonde la Bartang linajulikana kwa hilo: vuka mapema au lala upande uliopo. Julai 2015, katika siku za joto kali, matope na mawe yaliporomoka kwenye kijiji cha Barsem karibu na Khorog, yakaziba mto Gunt, likatokea ziwa na M41 ikakatika. Ratiba isiyo na siku mbili tatu za akiba haifai kwenye milima ile.

Usiku nao ni habari nyingine. Uwandani maji yanaweza kuganda hata Julai, na mchana jua linachoma hata ngozi nyeusi. Beba koti zito na miwani ya jua, vyote viwili.

"Gari zima ni gari zima."

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukifika Ak-Baital umebaki na zaidi kidogo ya nusu ya gari lako, na ulilipakia ukiwa chini. Punguza mizigo. Murghab, mji mdogo wa uwandani, mafuta hupatikana mara nyingi kutoka kwenye ndoo na madumu, kwa hiyo yachuje kwa kitambaa na uwe na filta ya akiba. Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo, usikalie breki. Maharage yaacheni nyumbani: mita 4,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, mtayapikia gesi yote na bado yatakuwa magumu. Wali, tambi na dengu nyekundu vinatosha.

"Huko hakuna watu."

Wapo, wachache na wakarimu. Gorno-Badakhshan, mkoa wa Pamir, ni karibu nusu ya eneo la Tajikistan, na wakazi wake wengi ni Waismailia, ndugu wa imani wa jamii tunayoifahamu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1992 hadi 1997, walinusurika njaa kwa malori ya msaada ya Wakfu wa Aga Khan yaliyotoka Osh kwa barabara hiihii. Upande wa Murghab wengi ni Wakirgizi wafugaji. Lala kwenye nyumba zao, lipa vizuri, vua viatu mlangoni, mkate usiuweke kifudifudi.

Kuhusu karatasi: mbali na viza, Gorno-Badakhshan ina kibali chake, na vizuizi vya barabarani wanakiomba. Mpaka wa Tajikistan na Kirgizistan ulifungwa baada ya mapigano ya 2021, na mkataba wa kuumaliza ugomvi ukasainiwa Machi 2025. Thibitisha hali ya Kyzyl-Art, upenyo ulio mpakani, wiki unayoondoka.

"Tukiwa wengi tuko salama."

Magari kumi ni vumbi la kilomita nzima, nyumba za wageni zisizotosha na mafuta yanayoisha kijijini. Matatu au manne yanatosha, na yakiwa na tairi za saizi moja mnaazimana. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia na bendera. Pamir mtu muhimu yuko nyuma kabisa: dereva mtulivu, mwenye zana, redio na dawa, asiyempita mtu yeyote. Kila dereva awajibike kwa gari lililo nyuma yake, lisipoonekana, asimame.

Na jambo moja liamuliwe mapema, mkiwa bado Osh au Dushanbe na vichwa vyenu vina hewa ya kutosha: mtu akiugua, ni gari lipi litakalogeuka naye, na nani ataliendesha. Liandikwe, na kila mmoja alikubali kabla injini hazijawashwa.