Kujitoa kwenye mkataba wa kiwanja unacholipia kwa awamu

Tangu ujenzi wa reli ya SGR kati ya Mwanza na Isaka uanze mwaka 2021, na hasa baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, matangazo ya viwanja vya Usagara, Fela, Kisesa na Nyamhongolo yamejaa kwenye simu zetu. Kianzio kidogo, baki unalipa kila mwezi, hati inafuata. Mimi ni wakili hapa Mwanza. Wanaokuja ofisini wakitafuta namna ya kutoka kwenye mikataba hiyo ni wengi kuliko wanaokuja kusomewa mkataba kabla ya kusaini, na karibu wote wameshafanya jambo moja linalowaumiza: wameacha kulipa, hawapokei simu za kampuni, wamekaa kimya.

Ukimya ndio unaoipa kampuni nguvu. Mikataba mingi ina kipengele kwamba mteja akipitisha miezi miwili au mitatu bila kulipa, kiwanja kinarudi kwa muuzaji na fedha iliyolipwa haitarudishwa. Ukikaa kimya, wanasubiri miezi ipite, wanakitangaza kiwanja upya na faili lako linafungwa. Ukiandika mapema, mnaanza kuzungumza hesabu.

Maana kipengele hicho hakimalizi habari. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mkataba ukivunjwa, na humo ndani kuna adhabu iliyotajwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Hiyo adhabu iliyoandikwa ni kikomo cha juu. Mahakama inaweza kushuka chini yake.

Nitoe mfano wa mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kiwanja kilikuwa cha shilingi milioni 6, kianzio milioni 1.8, na baki ya milioni 4.2 ilipwe kwa miezi 12, yaani 350,000 kila mwezi. Tatizo ni kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inakaa ufukweni, na fedha yake inakuja kwa mafungu ya giza, haiji kila tarehe tano. Alilipa awamu nne, akakwama. "Wakili, sikudanganywa," aliniambia. "Nimeshindwa tu." Kampuni ilikuwa imepokea 3,200,000 na ilitaka kubaki nazo zote.

Nilichowauliza ni hasara yao halisi. Kamisheni ya dalali, gharama za ofisi, tofauti ya bei kama kiwanja kitauzwa kwa hasara. Viwanja vya jirani wakati huo walikuwa wanavitangaza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia yeye. Sasa hasara ya milioni 3.2 inatoka wapi? Hatukurudishiwa zote, na sikumwahidi hivyo. Kianzio ndicho kigumu zaidi kurudi, kwa sababu kazi yake tangu zamani ni kuonyesha kwamba mnunuzi amedhamiria, na muuzaji ana hoja nzuri ya kubaki na sehemu yake. Awamu za kila mwezi ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapowashauri watu wasimame imara.

Hali inabadilika kabisa kama ulidanganywa. Kabla ya kuandika chochote nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri husika. Usagara na Fela ni Misungwi, Kisesa ni Magu, Nyamhongolo ni Manispaa ya Ilemela. Watu hupoteza siku nzima kwa kwenda ofisi za Jiji la Mwanza. Uliza kama eneo lina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, kama upimaji umesajiliwa, na kiwanja chako kina namba gani. Pita pia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Nimekutana na "viwanja vilivyopimwa" ambavyo bado ni shamba la mzee ambaye hajamaliziwa fedha yake. Ukiambiwa uongo wa aina hiyo, kifungu cha 19 cha Sheria hiyo ya Mikataba kinakupa haki ya kuukataa mkataba wenyewe na kudai ulicholipa, kianzio kikiwemo. Ila ukishaujua ukweli usilipe tena hata awamu moja, kwa sababu itasemwa uliujua na ukaukubali. Tunza tangazo, jumbe za WhatsApp na sauti za ofisa mauzo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani.

Barua yenyewe iwe fupi. Ninayowaandikia wateja walioshindwa kulipa huwa hivi: "Mimi, mnunuzi wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, natoa taarifa kwamba sitaendelea na mkataba wa tarehe fulani. Naomba mnipe hesabu ya fedha zote mlizopokea, na mnirudishie stahili yangu ndani ya siku 30. Kuanzia leo mko huru kumuuzia kiwanja hiki mtu mwingine." Sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Sheria inamtaka aliyevunjiwa mkataba achukue hatua za kupunguza hasara yake, na kuanzia siku hiyo hawezi kukudai kwa miezi aliyoamua kukaa nacho bila kukiuza. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Wakikataa kuipokea, itume kwa EMS ya Posta na utunze risiti.

Kuna njia nyingine ambayo mara nyingi huokoa fedha nyingi kuliko barua, nayo ni kumtafuta mtu achukue nafasi yako. Kampuni ikikubali kwa maandishi, yeye anakurudishia ulicholipa kisha anaendelea na awamu zilizobaki. Ada ya kubadilisha jina ipo, ipatane mapema. Usimkabidhi mkataba kienyeji bila kampuni kusaini, la sivyo deni linabaki kwenye jina lako.

Na tafadhali, anayekupigia simu akisema ana mteja tayari wa mkataba wako, ila utume kwanza fedha "ya faili" kwa simu, usimtumie chochote.

Mazungumzo yakishindikana, mgogoro wa ardhi huanzia baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muulize wakili mapema kama dai lako ni la ardhi au la fedha tu, kwa kuwa ukifungua mahali pasipohusika shauri litatupwa na utaanza upya. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Usiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria wanaohudumia bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza. Nenda na mkataba, risiti zote na orodha ya miamala kutoka kwenye mtandao wa simu uliotumia kulipa.